Kamati ya Uongozi ya bunge la kimataifa: inavyofanya kazi, na jinsi kikundi cha Lamu kinavyoweza kuifikia

Wavuvi wa Kizingitini, au akina mama wanaorudisha mikoko kisiwani Pate, wakitaka jambo lao lisikike kwenye Bunge la Afrika, yaani bunge la Umoja wa Afrika, mara nyingi husubiri wasikie redioni kwamba Bunge limeanza kukaa Midrand, Afrika Kusini. Hapo ndipo huandikwa barua ya kurasa sita kwa Rais wa Bunge na kutumwa kwa barua pepe. Barua hiyo haikataliwi. Hulala tu. Siku ukumbi unapofunguliwa, orodha ya mambo ya kujadiliwa imeshapangwa zamani, na walioipanga ni watu watano: Kamati ya Uongozi, au Bureau kama nyaraka zao zinavyoiita. Anayejua nani wamo katika kamati hiyo, hukaa lini na karatasi gani huwapitia, anajua pia lini aandike, amwandikie nani na aombe nini.

Aliyewahi kuwa kwenye BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, ana nusu ya somo tayari. Kuna mkutano mkuu wa wanachama wote, na kuna kamati inayouitisha mkutano huo, kupanga ajenda na kushika hela. Huku mkutano mkuu unatoka karibu bara zima, unahitaji wakalimani, na hauonani ila mara chache kwa mwaka. Kadiri mkutano mkuu unavyokutana kwa nadra, ndivyo kamati inavyokuwa na nguvu.

Walio mezani

Bunge la Afrika lilianzishwa kwa Itifaki, yaani mkataba wa nchi wanachama, iliyopitishwa Sirte, Libya, Machi 2001. Itifaki ilianza kutumika Desemba 2003, na Bunge likazinduliwa Addis Ababa tarehe 18 Machi 2004. Kila nchi mwanachama hupeleka wabunge 5 kutoka bunge lake la kitaifa. Angalau mmoja lazima awe mwanamke, na ujumbe mzima uonyeshe tofauti za kisiasa zilizomo katika bunge walikotoka, kwa hiyo usitarajie watano wa Kenya kuwa wa upande mmoja. Kila mmoja hupiga kura kwa nafsi yake. Hakuna kura ya nchi.

Wabunge hao huchagua kwa kura ya siri Rais mmoja na Makamu wa Rais wanne. Anayeshinda ni mwenye wingi wa kawaida wa kura za waliohudhuria na kupiga kura. Watano hao huwakilisha kanda tano za bara: Kaskazini, Magharibi, Kati, Mashariki na Kusini. Kenya iko Mashariki. Makamu hupangwa wa Kwanza hadi wa Nne kufuatana na matokeo ya kura, kisha nafasi hizo huzunguka, na Rais asipokuwapo wao hukalia kiti kwa zamu. Maana yake kwako ni nyepesi: kamati ikiwa kamili, mtu mmoja wa Mashariki yumo, awe Rais au makamu, na jina lake ndilo la kwanza kulitafuta. Rais wa kwanza kabisa alitoka kanda hii hii, Gertrude Mongella wa Tanzania, aliyeongoza tangu 2004 hadi 2009.

Kuna mtu wa sita asiyekuwa na kura, naye ni Karani wa Bunge pamoja na manaibu wake. Itifaki inasema kazi yao ni kuwasaidia viongozi, lakini usimdharau. Barua huingilia ofisini kwake, rasimu za nyaraka hutoka huko, na kumbukumbu huandikwa na watu wake. Wanasiasa hubadilika kila nchi inapopiga kura. Faili hubaki kwa Karani. Barua yoyote utakayomwandikia kiongozi wa kamati, nakala yake iende kwa Karani, tena itajwe kwenye barua yenyewe kwamba imeenda.

Usidhani kila bunge la kimataifa limejengwa hivi. Bunge la Baraza la Ulaya, lile la Strasbourg lisilopaswa kuchanganywa na Bunge la Umoja wa Ulaya, lina wabunge 306 na wa akiba idadi hiyo hiyo kutoka nchi 46. Kamati yake ya Uongozi ni kubwa: Rais, makamu wapatao ishirini, viongozi wa makundi ya kisiasa na wenyeviti wa kamati. Kwa ukubwa huo haiwezi kuamua upesi, ndiyo maana kuna chombo kidogo zaidi cha Rais na viongozi wa makundi kinachosafisha njia kabla ya kikao. Na Bunge lisipokaa, Kamati ya Kudumu, yaani Kamati ya Uongozi pamoja na viongozi wa ujumbe wa kila nchi, hufanya maamuzi kwa niaba ya wote. Strasbourg mtu huulizwa kwanza yuko kundi gani la kisiasa. Midrand huulizwa anatoka kanda gani. Mkakati uliofaa kule hauhamishiki huku bila kubadilishwa.

Umoja wa Mabunge Duniani, ulioanzishwa 1889 na wenye makao Geneva, nao una Kamati Tendaji yake. Oktoba 2023, huko Luanda, Tulia Ackson, Mtanzania, alichaguliwa kuwa Rais wake kwa kipindi cha miaka mitatu. Wanachama wake ni mabunge yenyewe, na kwa kikundi cha mashinani mlango wake ni mwembamba, tuuache.

Bunge la Afrika Mashariki la Arusha, EALA, lina utaratibu wake. Lina Spika, na wabunge 9 wa kuchaguliwa kutoka kila nchi, ambao huchaguliwa na bunge la taifa lakini hawawi wabunge wa taifa. Hilo hutunga sheria, ingawa muswada hauwi sheria hadi wakuu wa nchi zote waukubali. Kama jambo lako linamalizikia ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, mathalani ushuru wa samaki mpakani, anzia Arusha. Midrand ni kwa jambo linalogusa bara.

Kazi yenyewe

Ukiisoma Itifaki, utaona kamati imepewa dhamana ya kuendesha shughuli na mali za Bunge, chini ya Rais na kwa maelekezo ya Bunge lenyewe. Kwa maneno hayo ni kama kamati ya kununua viti na karatasi. Nguvu zake halisi ziko katika maamuzi ambayo gazeti haliyaandiki.

La kwanza ni ajenda. Siku za mkutano ni chache, na zikiondolewa za kiapo, hotuba za wageni na ripoti za lazima, nafasi iliyobaki kwa mijadala ni ndogo. Kila ripoti ya kamati, kila hoja, hugombea nafasi hiyo. Hakuna anayehitaji kulipinga jambo lako kwa sauti. Hupangiwa tu alasiri ya siku ya mwisho, wakati nusu ya wabunge wako uwanja wa ndege. Ukiona rasimu ya ratiba imeweka ripoti inayokuhusu mwishoni kabisa, hapo ndipo pa kumpigia mbunge wako simu.

La pili, jambo lipelekwe kamati gani. Bunge la Afrika lina kamati za kudumu, na zinazowahusu zaidi watu wa pwani ni ile ya uchumi wa vijijini, kilimo, maliasili na mazingira. Ile ya uchukuzi, viwanda, mawasiliano na nishati. Na ile ya sheria na haki za binadamu. Suala la bandari linaweza kuingia kote kutatu. Likienda uchukuzi, litajadiliwa kama suala la mizigo na reli. Likienda mazingira, litajadiliwa samaki na mikoko. Likienda haki za binadamu, serikali itaulizwa kwa nini watu hawakushirikishwa. Suala lile lile, ripoti tatu zisizofanana hata kidogo. Ndiyo maana asiyetaja kamati anayoitaka ameachia wengine wamwandikie mada.

Tatu ni safari: ujumbe wa kuchunguza, uangalizi wa uchaguzi, mialiko. Nani anakwenda, kwa fedha za nani, na ripoti inarudi kwa nani. Nne ni bajeti na watumishi, jambo linalochosha kulisoma lakini ndilo linaloamua kama kamati ya mazingira itakutana au itaahirishwa kwa kukosa nauli.

Itifaki pia inataka shughuli za Bunge ziwe wazi kwa umma isipokuwa Kamati ya Uongozi ielekeze vinginevyo. Usisafiri bila kuuliza.

Sasa mipaka, na hapa watu wengi wa Lamu huvunjika moyo kwa sababu hawakuambiwa mapema. Mamlaka ya Bunge la Afrika ni ya kushauri. Linaweza kuchunguza, kujadili na kutoa maoni juu ya jambo lolote, kwa hiari yake au likiombwa na vyombo vya Umoja wa Afrika, lakini haliwezi kuiamuru serikali ya Kenya kulipa shilingi moja. Itifaki mpya iliyopitishwa Malabo mwaka 2014 ingeliongezea meno, ila inahitaji kuridhiwa na nchi 28 ndipo ianze kutumika. Fidia hutafutwa mahakamani: wavuvi zaidi ya 4,000 wa Lamu waliopata tuzo ya Sh1.76 bilioni mwaka 2018 kwa ajili ya athari za bandari waliipata Mahakama Kuu. Bunge la kimataifa unaliendea kwa kitu kingine: azimio linaloweza kunukuliwa, ripoti yenye jina lako ndani yake, na swali linaloulizwa serikali mbele ya wenzake.

Kalenda, kwa kuhesabu kurudi nyuma

Itifaki inataka mikutano ya kawaida isiyopungua miwili kwa mwaka, na kila mmoja usizidi mwezi. Kwa desturi kamati za kudumu hukaa Machi na Agosti, na mkutano wa wabunge wote huwa Mei na Oktoba au karibu na hapo. Fedha zikipungua tarehe husogea, kwa hiyo hakikisha kila mara kwa ofisi ya Karani.

Jambo la raia haliingii mkutano wa wote moja kwa moja. Hupita kamati kwanza. Ukitaka lionekane Oktoba, lazima kamati ilishike Agosti. Ili kamati ilishike Agosti, lazima limeshapelekwa kwao. Na ili lipelekwe, karatasi iwe mkononi mwa mbunge mwanzoni mwa Juni. Kwa Machi, hesabu hiyo inakupeleka mwanzoni mwa Januari. Tunashauri miezi miwili kamili kabla ya kamati kukaa. Wiki mbili huwa hazitoshi hata kutafsiri.

Kwa vikundi vya uvuvi hesabu hii inagongana na bahari. Karatasi ya Januari hutayarishwa wakati wa kaskazi, bahari imetulia na watu wako majini tangu alfajiri. Hutawapata kutia saini. Mikutano ya kukubaliana ifanyike kabla, Oktoba au mapema Novemba. Ile ya Juni ni nafuu, kwa sababu kusi ikipiga vyombo vidogo huvutwa pwani na watu wapo.

Strasbourg wana mikutano minne, Januari, Aprili, Juni na Oktoba. Kwa desturi Kamati yao ya Uongozi hukaa Jumatatu asubuhi kabla Bunge halijafunguliwa, na tena Ijumaa wakati wa kufunga. Kikao cha kufunga hakitazamwi na wengi, lakini ndicho huanza kuujenga mkutano unaofuata. Tabia hiyo iko kwenye kamati za namna hii popote zilipo: siku wageni wanapofunga mabegi, viongozi wanapanga ya mbele. Mbunge wako na awepo siku hiyo, si ya ufunguzi yenye picha.

Mkutano wa dharura upo kwenye Itifaki, lakini usiutegemee. Kuuomba kwa upande wa wabunge kunahitaji theluthi mbili yao waandike kwa Rais, wakitaja sababu na mambo ya kujadiliwa. Hayaongezwi mengine, na mkutano haupiti siku kumi.

Ukurasa mmoja

Karatasi inayofika mezani ni ukurasa mmoja. Nyingine zote ni viambatisho, navyo visizidi vitatu. Juu kabisa weka ombi, kwa sentensi moja. Historia ya kijiji na uchungu wa watu vina mahali pake, nako ni kwenye kiambatisho. Sentensi ya ombi iwe hivi:

"Tunaiomba Kamati ya Uongozi ipeleke kwa kamati inayoshughulikia maliasili na mazingira suala la athari za uchimbaji wa njia za meli kwa uvuvi mdogo katika bandari mpya za Afrika, ili ichunguze na kuleta ripoti yenye mapendekezo katika mkutano wa kawaida wa Oktoba."

Itazame kipande kwa kipande. "Ipeleke kwa kamati" ni jambo ambalo viongozi wana uwezo nalo. "Ikomeshe mradi" hawana, na ombi wasiloliweza hurudishwa na Karani kabla halijaonwa na mtu. "Inayoshughulikia maliasili na mazingira" inazuia lisipotelee uchukuzi. "Uchimbaji wa njia za meli" ni kitendo kimoja kinachoweza kupimwa na kuchunguzwa, tofauti na "maendeleo yasiyojali watu". Na tarehe mwishoni, kwa sababu jambo lisilo na tarehe halichelewi kamwe.

Kipande chenye uzito kuliko vyote ni "bandari mpya za Afrika". Mtu wa Lamu anataka kuandika "bandari ya Lamu", na ana haki, maana gati la kwanza pale Kililana lilizinduliwa Mei 2021 mbele ya macho yake. Lakini mezani wako watano wa kanda tano, na wanne kati yao hawana sababu ya kutumia muda wa Bunge kwa ugomvi wa Kenya na raia wake. Tena wataogopa: leo Kenya, kesho kwao. Ukiandika bandari mpya, wa Magharibi anaiona Tema, wa Kati anaiona Kribi, wa Kusini Walvis Bay, wa Kaskazini Tanger Med, zote zimejengwa au kupanuliwa katika miaka ya karibuni. Lamu inakuwa mfano wa kwanza kwenye kiambatisho, wenye ramani na takwimu kuliko mifano mingine yote, na mchunguzi akitafuta pa kuanzia atakuja huku. Wako wanaoona huku ni kuficha jina la nyumbani. Sisi twaona ni njia ya kulifikisha.

Kwa viambatisho: ramani moja inayoonyesha sehemu za kuvua na njia ya meli, uamuzi wowote wa mahakama au jopo, kama ule wa Juni 2019 uliofuta leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, ikiwa unahusiana na hoja yako, na orodha ya vikundi vinavyounga mkono, pamoja na nambari zao za usajili. Saini zilizopigwa picha kwa simu chini ya mwembe husomeka vibaya zikichapishwa. Nenda saiba, zipitishe kwenye skana, faili iwe moja na nyepesi.

Lugha ni shida inayodharauliwa. Kiswahili ni lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika, na uamuzi wa Februari 2022 uliipa nguvu hadhi hiyo, kwa hiyo una haki ya kuandika kwa lugha yako. Fanya hivyo, halafu ambatisha Kiingereza na Kifaransa ulichokitafsiri mwenyewe kwa msaada wa mtu anayekijua. Ukisubiri wao watafsiri, ukurasa wako utapangwa nyuma ya nyaraka ndefu za kamati zenyewe. Na tafsiri ya Kifaransa ikaguliwe na mtu, isiwe ya simu: makamu kutoka Kanda ya Kati akiona "uvuvi mdogo" umegeuka "samaki wadogo", hoja yako imekwisha kabla haijaanza.

Wa kumwendea

Mbunge wako wa Lamu Mashariki au Magharibi, mwakilishi wa wanawake na seneta huenda hakuna hata mmoja aliye katika wabunge watano wa Kenya wa Midrand. Wao ni wa kukufikisha. Ofisi za makarani wa Bunge la Taifa na Seneti zinaweza kukupa majina ya watano waliopo sasa. Kwa kila mmoja uliza maswali mawili: yuko kamati gani Midrand, na ana nafasi gani kwenye kundi la Kanda ya Mashariki. Anayekaa kamati ya mazingira ni bora kuliko mwenye jina kubwa anayekaa kamati ya fedha.

Ukishampata, usimwombe "atusaidie". Mwombe mambo matatu na umwachie yakiwa yameandikwa: alete ukurasa kwa Karani na apate tarehe ya kupokelewa, aulete kwenye kikao cha wabunge wa Mashariki, na atafute wenzake wa kanda nyingine mbili watie saini pamoja naye. Strasbourg kanuni inadai saini 20 kutoka nchi zisizopungua tano ndipo hoja ya azimio ikubaliwe, na ni kipimo kizuri cha kujiwekea hata pale usipolazimishwa. Hoja yenye saini za Wakenya watupu hutazamwa kama barua ya malalamiko.

Vikundi rafiki vya wavuvi Ghana au Msumbiji vina faida hapa kuliko mashirika makubwa ya Nairobi. Kila kimoja kina wabunge watano wa nchi yake wa kuwabishia hodi.

Panapokwama

Kiti cha mbunge wa Bunge la Afrika kinategemea kiti chake cha nyumbani. Bunge la kitaifa likimaliza muda wake, muda wake Midrand nao umeisha, hata kama ni Rais. Hilo ndilo lililozua mvutano baada ya uchaguzi wa Zimbabwe wa Agosti 2023: Rais, Chifu Fortune Charumbira, alirudi bungeni kwao, lakini swali likabaki kama kiti cha Midrand kilikuwa kimeshakuwa wazi. Kura ikapigwa upya Machi 2024, akachaguliwa tena. Kwa Kenya, uchaguzi mkuu ni Agosti 2027. Jambo utakalomkabidhi mbunge mapema mwaka huo lina hatari ya kubaki bila mwenyewe Agosti, na wapya hawataanza kazi hadi wachaguliwe na bunge jipya na kula kiapo. Kama huna budi, hakikisha jambo limeshapewa kamati na lina jina la mwandishi wa ripoti kutoka nchi nyingine kabla ya Aprili.

Uchaguzi wa viongozi wenyewe unaweza kusimamisha kila kitu. Mei na Juni 2021 ukumbi wa Midrand uligeuka uwanja wa masumbwi, wabunge wakisukumana na kupigana kuhusu zamu ya kanda: upande mmoja ukisema ni wakati wa Kusini, mwingine ukitaka kura ipigwe bila zamu. Uchaguzi ukaahirishwa, na viongozi hawakupatikana hadi mwisho wa Juni 2022. Hoja zote zilizokuwa zikisubiri zilisubiri nao. Uchaguzi wa viongozi ukiwa kwenye ratiba, usipeleke jambo jipya. Peleka mkutano unaofuata, kwa walioshinda.

Hesabu za kura nazo huwachanganya watu. Bunge huamua kwa maelewano, na yakishindikana ni theluthi mbili ya waliohudhuria na kupiga kura. Mambo ya utaratibu tu ndiyo yanayotosha kwa wingi wa kawaida. Wakiwa 150 ukumbini wanaopiga kura, azimio linahitaji 100. Kwa hiyo walio kimya wakiinuka kwenda kunywa chai hawakuumizi sana, ila wakibaki na kupinga 51 tu wanatosha kukuangusha. Kumwondoa kiongozi kwa utovu wa nidhamu ni kugumu zaidi: theluthi mbili ya wabunge wote, si ya waliohudhuria. Nchi zote 55 zikiwa na wabunge wao 275, hiyo ni kura 184.

Angalau Midrand kanuni ya kumwondoa ipo. Strasbourg mwaka 2017 Rais Pedro Agramunt alisafiri Syria, wabunge wakakasirika, kisha wote wakagundua kwamba kanuni haziwapi njia ya kumwondoa. Kamati ya Uongozi ikafanya iliyoweza: ilitangaza haina imani naye na kumzuia kusafiri, kuhudhuria mikutano au kutoa kauli kwa jina la Bunge. Kanuni zikabadilishwa Juni, naye akajiuzulu Oktoba. Kisa hicho kinaonyesha kamati ina mkono mrefu kiasi gani hata pale sheria ilipo kimya.

Halafu kuna kaburi la kimyakimya: "limepelekwa kwa kamati". Strasbourg jambo lililopelekwa kamatini lina miaka miwili, likipita bila ripoti hufa lenyewe. Popote ulipo, mwombe mbunge wako aulize mwisho wa kila kikao cha kamati: nani ameteuliwa kuandika ripoti, na rasimu italetwa lini.

Baada ya kikao

Wiki moja baada ya Kamati ya Uongozi kukaa, mwandikie Karani mistari mitatu: tarehe karatasi ilipopokelewa, kichwa chake, na swali la uamuzi uliofikiwa. Nakala kwa mbunge wako na kwa makamu wa Mashariki. Majibu huwa ya namna nne. Likipelekwa kamati uliyoitaka, anza kutafuta anayeandika ripoti na umpe kiambatisho cha ramani. Likipelekwa kamati nyingine, usipinge. Andika upya ukurasa kwa lugha ya kamati hiyo, kwa sababu kulirudisha mezani hula mkutano mzima. Likiunganishwa na hoja nyingine, omba kuiona hiyo nyingine mara moja, na angalia kama neno uvuvi bado limo. Likiahirishwa, uliza limeahirishiwa kikao gani kwa tarehe, na jibu hilo lipatikane kwa maandishi kabla mbunge hajapanda ndege kurudi Nairobi.